Ruta na swichi: jinsi ya kuunganisha kompyuta, printa na kamera kwa waya katika nyumba yenye ofisi

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

Mawakala wa forodha, wenye magari na wafanyabiashara wengi wa mipakani hufanyia kazi nyumbani. Chumba cha mbele ndicho ofisi. Humo kuna kompyuta mbili au tatu, printa, mashine ya kunakili, na siku hizi kamera za usalama zinazoangalia geti na uwanja wa magari. Vifaa vyote hivyo vinategemea kisanduku kimoja kidogo chenye taa zinazomulika. Kisanduku kikigoma, kazi inasimama na gari linalala mpakani.

Mwandishi wa makala hii anamfahamu mama mmoja wa Tunduma ambaye ni wakala wa forodha na ofisi yake iko nyumbani. Jioni moja alikuwa na nyaraka za gari la mzigo wa Lubumbashi, zimebaki hatua mbili tu. Ghafla kompyuta zote zikapoteza mtandao kwa pamoja. Printa nayo ikawa haionekani. Akapiga simu kampuni ya intaneti, wakamjibu kwamba kwao hakuna tatizo. Akazima na kuwasha, hakuna kitu. Gari lile lililala siku mbili. Ada ya maegesho, posho ya dereva na utingo, na lawama za mwenye mzigo, vyote vilimwangukia yeye. Chanzo chake kilikuwa waya mmoja wa hatua mbili, na tutakieleza mbele.

Makala hii inaeleza kazi ya ruta na swichi, namna ya kuviunganisha, vitu vya kununua na vya kuepuka, na jinsi ya kutafuta tatizo kabla ya kumwita fundi. Huhitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta. Ukiweza kuunganisha televisheni na king'amuzi, kazi hii utaiweza.

RUTA NI NINI, SWICHI NI NINI?

Ruta ni kifaa kinachokaa kati ya nyumba yako na intaneti. Upande mmoja inapokea mtandao kutoka kampuni ya intaneti, kwa njia ya faiba, laini ya simu ya mkononi au setilaiti. Upande wa pili inaugawa kwa vifaa vya nyumbani. Ruta pia hukipa kila kifaa namba yake, inayoitwa anwani ya IP, na huzuia watu wa nje wasiingie ndani hovyo. Unaweza kuifananisha na ofisi ya forodha ya mpakani: kila kinachotoka na kila kinachoingia hupita hapo, huandikwa na huelekezwa kinakokwenda.

Swichi kazi yake ni ndogo zaidi. Haijui habari za intaneti wala haigawi anwani. Inaongeza matundu tu, na kupeleka ujumbe wa kifaa kimoja kwa kifaa kingine kinachohusika. Hii ni sawa na yadi ya magari yenye milango mingi: lori linaingia kwa mlango mmoja na kutokea mlango wa yule aliyeliagiza.

Kwa hiyo ni lazima mambo mawili yaeleweke. Kwanza, swichi peke yake haikupi intaneti. Ni lazima iunganishwe kwenye ruta. Pili, swichi haiongezi kasi ya intaneti unayolipia. Ukilipia megabiti 10 kwa sekunde, hata ununue swichi ya gigabiti moja, intaneti itabaki megabiti 10. Faida yake utaiona ndani ya nyumba: kompyuta kutuma mafaili kwa kompyuta nyingine, kutuma kazi kwenye printa, na kamera kupeleka picha kwenye kinasa.

KWA NINI WAYA WAKATI WI-FI IPO?

Wi-Fi inafaa kwa simu na kompyuta za mapajani. Lakini kwa kifaa ambacho hakihami mahali pake, waya ni bora kwa sababu zifuatazo:

1. Waya haukatikikatiki. Kuta za tofali za saruji, mabati na milango ya chuma hupunguza nguvu ya Wi-Fi. Waya haujali ukuta.

2. Mawimbi ya majirani hayauingilii. Katika miji ya mipakani maduka yamebanana, na kila duka lina Wi-Fi yake.

3. Ni vigumu mtu wa nje kuuingilia. Lazima aingie ndani ya nyumba achomeke waya wake.

4. Unaipunguzia Wi-Fi mzigo. Kompyuta na kamera zikienda kwenye waya, simu zinapata nafasi.

Kwa anayejaza tamko la forodha katika mfumo wa mamlaka ya mapato, sababu ya kwanza peke yake inatosha. Mifumo hii hukaa imefunguliwa kwa muda, na mtandao ukikatika katikati unaweza kulazimika kuingia upya na kurudia ulichokijaza.

HESABU MATUNDU KABLA YA KUNUNUA

Ruta nyingi za nyumbani zina tundu moja la kupokea intaneti, mara nyingi limeandikwa WAN au Internet na kuwekewa rangi tofauti, na matundu manne ya kutoa yaliyoandikwa LAN. Ruta za laini ya simu huwa na tundu moja au mawili tu. Angalia ya kwako kwanza.

Halafu orodhesha vifaa vitakavyotumia waya. Tuseme ni hivi: kompyuta tatu, printa moja, kinasa picha cha kamera kimoja, televisheni moja na simu ya mezani ya intaneti moja. Jumla ni saba. Ruta yenye matundu manne haitoshi, hivyo unahitaji swichi.

Kumbuka kwamba waya unaounganisha ruta na swichi unatumia tundu moja kila upande. Ruta ya matundu manne inabakiwa na matatu. Swichi ya matundu manane inabakiwa na saba. Kwa pamoja unapata matundu 10 ya vifaa. Kwa mfano wetu wa vifaa saba, yatabaki matatu ya akiba.

Swichi za kawaida huuzwa zikiwa na matundu 5, 8, 16 au 24. Kwa nyumba yenye ofisi, nane ndiyo saizi ya busara. Tofauti ya bei kati ya matundu matano na manane kwa kawaida si kubwa, lakini ukinunua ya matano ikajaa, utalipa mara mbili.

SWICHI YA AINA GANI?

Kuna swichi isiyo na mipangilio, ambayo unachomeka na inafanya kazi. Na kuna swichi yenye mipangilio, ambayo fundi huingia ndani yake kwa kompyuta na kugawa mtandao mafungu. Ya kwanza inatosha nyumba nyingi na ni rahisi zaidi kwa bei.

Angalia kasi iliyoandikwa. Ikiandikwa 10/100, mwisho wake ni megabiti 100 kwa sekunde kwa kila tundu. Ikiandikwa 10/100/1000 au Gigabit, mwisho wake ni megabiti 1000. Kama huhamishi mafaili makubwa na kamera ni chache, hata ya 10/100 itafanya kazi. Lakini kwa kifaa kitakachokaa miaka mingi, tunashauri ya gigabiti.

Aina ya tatu ni swichi inayopeleka umeme ndani ya waya wa mtandao, inayoandikwa PoE. Hii inafaa kwa kamera na simu za mezani, kwa kuwa waya mmoja unabeba picha na umeme. Kamera ya getini haihitaji soketi ya umeme karibu yake. Kabla ya kununua soma viwango: 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, na 802.3at hutoa hadi wati 30. Pia soma jumla ya wati ambazo swichi nzima inaweza kutoa, kwa sababu matundu manane hayamaanishi kwamba yote yatatoa umeme wa juu kwa wakati mmoja.

WAYA: HAPA NDIPO WENGI WANAIBIWA

Kwa nyumba na ofisi ndogo, waya wa Cat5e au Cat6 unatosha. Waya huo una nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Urefu usizidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Ukizidi hapo mawasiliano huanza kulegea. Kama geti liko mbali zaidi, weka swichi katikati, na kutoka hapo utahesabu mita 100 nyingine.

Tatizo kubwa la sokoni ni waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Kwenye boksi au kwenye ganda lake huandikwa CCA, na wakati mwingine hauandikwi kitu. Kwa macho unafanana na waya wa shaba na bei yake huvutia. Lakini viwango vya Cat5e na Cat6 vinataka shaba tupu. Waya wa alumini hukatika kirahisi ukikunjwa, hupoteza nguvu kwenye umbali mrefu, na ukitumika kupeleka umeme wa kamera unaweza kupata joto lisilofaa.

Namna ya kuutambua ni rahisi. Kata kipande, menya uzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Alumini itaonyesha weupe wa fedha chini ya rangi. Pia boksi la shaba ni zito zaidi kuliko la alumini la urefu uleule. Muuzaji anayekataa usikwangue, mwachie boksi lake.

Waya wa kupita nje ya nyumba uwe wa nje, wenye ganda gumu jeusi linalostahimili jua. Waya wa kawaida wa ndani ukipigwa na jua ganda hupasuka, na maji huingia.

Kama unanunua nyaya fupi zilizokwisha kubanwa vichwa dukani, kazi imekwisha. Kama fundi anabana mwenyewe, mwambie afuate mpangilio mmoja ncha zote mbili. Mpangilio unaotumika sana unaitwa T568B. Ukishika kichwa huku kilimi chake kikiangalia chini na waya ukija upande wako, rangi kuanzia kushoto ni hizi:

1. Nyeupe yenye mstari wa chungwa
2. Chungwa
3. Nyeupe yenye mstari wa kijani
4. Buluu
5. Nyeupe yenye mstari wa buluu
6. Kijani
7. Nyeupe yenye mstari wa kahawia
8. Kahawia

Kasi ya megabiti 100 hutumia nyuzi nne tu, za nafasi ya 1, 2, 3 na 6. Kasi ya gigabiti inahitaji zote nane. Ndiyo maana uzi mmoja wa buluu ukikatika, mtandao hauzimiki bali unashuka kasi kimyakimya.

HATUA ZA KUUNGANISHA

Hatua ya 1. Chagua mahali pa ruta na swichi. Pawe pakavu, pana hewa, juu kidogo ya sakafu, mbali na jiko na mbali na mahali watoto wanapochezea.

Hatua ya 2. Tandika nyaya kabla ya kuwasha kitu. Usipitishe waya wa mtandao ndani ya bomba moja na waya wa umeme. Zikienda sambamba, ziachanishe angalau sentimita 20. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba.

Hatua ya 3. Bandika lebo ncha zote mbili za kila waya. Kipande cha plasta na kalamu vinatosha: KOMPYUTA 1, PRINTA, KAMERA. Hatua hii wengi huipuuza, na ndiyo itakayokuokoa saa mbili siku ya tatizo.

Hatua ya 4. Washa ruta na uhakikishe intaneti inafanya kazi kwa kompyuta moja iliyochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la LAN. Kama hapa haifanyi kazi, usiendelee. Tatizo liko kwenye ruta au kwenye kampuni ya intaneti.

Hatua ya 5. Chukua waya mmoja. Ncha ya kwanza ichomeke tundu lolote la LAN la ruta. Ncha ya pili ichomeke tundu lolote la swichi. Usitumie tundu la WAN. Kwenye swichi ya kawaida matundu yote ni sawa, isipokuwa zile za PoE ambazo mara nyingi huwa na tundu la pekee la kuelekea kwenye ruta, limeandikwa Uplink.

Hatua ya 6. Washa swichi. Taa ya tundu lililounganishwa na ruta iwake.

Hatua ya 7. Chomeka vifaa kimoja baada ya kingine, ukisubiri taa ya kila tundu iwake. Kimoja kikigoma utajua papo hapo ni kipi.

Hatua ya 8. Jaribu. Fungua ukurasa wa intaneti katika kila kompyuta, kisha chapa karatasi moja kutoka kila kompyuta.

ANWANI ZA VIFAA NA PRINTA INAYOPOTEA

Ruta hugawa anwani yenyewe kwa utaratibu unaoitwa DHCP. Anwani ya ruta mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na vifaa hupewa namba zinazofuata, kwa mfano 192.168.1.20. Anwani hizi ni za ndani ya nyumba tu. Jirani anaweza kuwa na namba hizohizo na msigongane.

Shida moja inayosumbua ofisi nyingi ni printa inayopotea. Leo inachapa, kesho baada ya umeme kukatika kompyuta zinasema haipo. Sababu yake ni kwamba ruta ilipowaka upya iliipa printa anwani nyingine, wakati kompyuta zinaitafuta kwenye anwani ya zamani. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuitengea printa anwani yake ya kudumu. Fanya hivyo pia kwa kinasa picha cha kamera. Ukishaziweka, ziandike kwenye karatasi na uibandike karibu na ruta.

KIFURUSHI KINALIWA NA NINI?

Wafanyabiashara wengi wanatumia intaneti ya kifurushi. Wengine wanaogopa kuunganisha vifaa vingi wakidhani kila kitu kitakula kifurushi. Hii si kweli. Kompyuta ikituma kazi kwenye printa, au kamera ikipeleka picha kwenye kinasa kilicho ndani ya nyumba, mawasiliano hayo yanaishia kwenye swichi au ruta. Hayatoki nje na hayagusi kifurushi hata kidogo.

Kinachokula kifurushi ni vitu viwili hasa. Cha kwanza ni kuangalia kamera ukiwa mbali kwa simu, kwa kuwa picha zinatoka nje kwa intaneti yako. Cha pili ni kompyuta kupakua masasisho yake. Kompyuta ya Windows ikiwa kwenye Wi-Fi, wengi wanajua kuiwekea alama kwamba mtandao una kikomo. Ikihamia kwenye waya alama ile haihami nayo, na kompyuta inaanza kupakua bila kuuliza. Kwenye Windows 10 na zinazofuata, ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa waya uwashe kikomo hicho upya.

MAKOSA MAWILI YANAYOZIMA NYUMBA NZIMA

Kosa la kwanza ni kuzungusha waya. Hii hutokea waya mmoja unapochomekwa ncha zote mbili kwenye swichi ileile, au nyaya mbili zinapounganisha swichi na ruta kwa wakati mmoja. Ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote huzunguka bila mwisho, unaongezeka kila mzunguko, na katika sekunde chache hakuna kifaa kinachopata nafasi ya kusema. Dalili yake ni taa zote za swichi kumulika kwa kasi kwa pamoja, huku hakuna kitu kinachofanya kazi. Swichi nyingi za bei nafuu hazina kinga ya jambo hili.

Hili ndilo lililompata yule mama wa Tunduma. Siku mbili baadaye fundi alifuata nyaya kwa mkono, mmoja mmoja, akakuta waya mfupi umetoka tundu la tatu na kurudi tundu la saba. Mtoto wa kaka yake, aliyekuwa akifagia ofisi jioni ile, alisema bila kujua kosa lake: "Shangazi, niliuona unaning'inia, nikauchomeka." Kijana hakuwa na hatia. Waya ule uliachwa na mtu aliyehamisha kompyuta bila kuutoa. Waya usio na kazi uondolewe kabisa, ncha zote mbili.

Kosa la pili ni kutumia ruta ya zamani kama swichi bila kuibadilisha mipangilio. Jambo lenyewe linawezekana na linaokoa fedha, lakini ruta mbili zote zikigawa anwani, vifaa vitachanganyikiwa: vingine vitapewa namba na ruta isiyo na intaneti. Ukitaka kuitumia ruta ya zamani, fanya haya kwa mpangilio:

1. Iunganishe na kompyuta moja peke yake, uingie kwenye mipangilio yake.
2. Badilisha anwani yake isifanane na ya ruta kubwa. Kama kubwa ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2.
3. Zima DHCP yake.
4. Unganisha tundu lake la LAN na tundu la LAN la ruta kubwa. Tundu la WAN liache wazi.

UMEME NA RADI

Ruta na swichi hutumia umeme kidogo sana, hivyo UPS ndogo inaweza kuviweka hewani muda mrefu umeme ukikatika. Siku hizi kuna betri ndogo maalumu za ruta. Kabla ya kununua soma volti za adapta zako. Ruta nyingi hutumia volti 12, lakini swichi ndogo nyingi hutumia volti 5 au 9. Vichwa vya adapta hufanana. Ukichomeka adapta ya volti 12 kwenye swichi ya volti 5, unaweza kuiunguza hapo hapo. Bandika lebo kwenye adapta pia.

Kumbuka kwamba UPS lazima ibebe mlolongo mzima: kisanduku cha faiba, ruta, swichi na angalau kompyuta moja. Kuwasha ruta huku swichi iko gizani hakusaidii kompyuta zilizo kwenye swichi.

Kwa wenzetu wa ukanda wa Ziwa Victoria na mashariki mwa Kongo, maeneo yanayopigwa radi nyingi, tahadhari iongezwe. Waya wa shaba unaotoka nje hadi getini huweza kuleta shoti ndani hata kama radi haikupiga nyumba yenyewe. Ukiona mawingu mazito, chomoa umeme na uchomoe pia waya wa nje kwenye swichi. Kati ya majengo mawili yaliyoachana, njia salama zaidi ni faiba, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme.

USALAMA

Ruta mpya huja na nenosiri la kiwandani, mara nyingi limeandikwa chini yake, na za zamani hutumia neno admin. Libadilishe siku ya kwanza. Nenosiri la kinasa picha cha kamera nalo libadilishwe. Madereva na wateja wanaoomba Wi-Fi wapewe mtandao wa wageni kama ruta inao, ili wasiingie kwenye kompyuta zenye ankara na nyaraka za watu. Swichi isikae kwenye chumba cha wateja. Tundu lililo wazi ukutani ni mlango.

MTANDAO UKIGOMA: ANZA HAPA

1. Angalia taa. Tundu lenye waya lakini halina taa maana yake waya umelegea, umekatika, au kifaa cha upande wa pili kimezimwa. Badilisha waya kwanza, kwa kuwa ndio rahisi.

2. Taa zote zinamulika kwa kasi na hakuna kinachofanya kazi: tafuta waya uliozungushwa. Chomoa nyaya mmoja mmoja hadi zitulie.

3. Angalia anwani. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike ipconfig. Ukiona namba inayoanza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na ruta. Tatizo liko kati yake na ruta.

4. Anwani ni sahihi lakini intaneti hakuna: andika ping 192.168.1.1, au anwani ya ruta yako. Ikijibu, ndani ya nyumba ni salama, na sasa ndipo upige simu kampuni ya intaneti. Isipojibu, tatizo ni lako.

5. Intaneti ipo lakini mafaili yanahama polepole ndani ya nyumba: huenda kuna uzi uliokatika na tundu limeshuka kutoka 1000 hadi 100. Swichi nyingi huonyesha tofauti hiyo kwa rangi ya taa.

6. Ukizima na kuwasha, fuata mpangilio: kwanza kisanduku cha faiba, subiri dakika mbili, kisha ruta, kisha swichi, mwisho kompyuta.

UKINUNUA NG'AMBO YA MPAKA

Ruta na swichi huingia katika kifungu cha forodha 8517.62, na nyaya zilizokwisha wekewa vichwa katika 8544.42. Muulize wakala viwango vya sasa kabla ya kuvusha. Hati rahisi ya asili ya Afrika Mashariki, inayotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya. Ruta iliyotengenezwa Asia haiingii humo hata kama umeinunua nchi jirani.

Ruta yenye Wi-Fi ni chombo cha mawimbi, na aina yake hutakiwa kuidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi husika: TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya, UCC kwa Uganda, RURA kwa Rwanda na ZICTA kwa Zambia. Anayenunua kwa ajili ya kuuza aulize hilo mapema. Angalia pia kama ruta imefungwa kwa laini ya kampuni moja ya simu. Ukivuka nayo mpaka inaweza kukataa laini ya nchi yako.

Mwisho ni plagi. Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia hutumia plagi ya miguu mitatu bapa. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia zaidi miguu ya mviringo. Umeme wenyewe unakaribiana, na adapta nyingi za siku hizi hupokea volti 100 hadi 240, hivyo kinachohitajika ni kigeuza plagi tu.

HESABU YA MWISHO

Anayesita kununua swichi, waya wa shaba na betri ndogo afanye hesabu hii. Aandike gharama ya gari kulala usiku mmoja mpakani: maegesho, posho ya dereva na utingo, na safari iliyopotea. Chini yake aandike bei ya vifaa hivyo katika duka la mji wake. Kisha ajiulize ni mara ngapi mwaka uliopita alikwama kwa sababu ya mtandao wa nyumbani.

Yule mama wa Tunduma alishafanya hesabu hiyo. Leo swichi yake iko ndani ya kikabati kidogo chenye kufuli, kila waya una jina lake, na kwenye mlango wa kikabati kuna karatasi ya anwani za vifaa. Kijana yule anaendelea kufagia ofisi, na sasa yeye ndiye anayejua kila waya unakokwenda.